Baba yangu alipigana Kagera, na sasa hataki kuachana na bunduki ya marehemu babu

Mpendwa mshauri,

Ninakuandikia kuhusu baba yangu mzazi, ambaye tunaishi naye hapa Mwanza tangu mama alipofariki mwaka jana. Baba alijiunga na Jeshi la Wananchi wa Tanzania akiwa kijana wa miaka 20 kutoka Mkoa wa Mara, na vita vya Kagera vilipoanza mwishoni mwa mwaka 1978 alikuwa koplo katika kombania ya askari wa miguu. Alivuka Mto Kagera, akapigana Lukaya ndani ya Uganda, akaingia Kampala Aprili 1979, na alirudi nyumbani akiwa na kovu la kipande cha bomu pajani na mazoea ya kuamka kabla ya jogoo ambayo hajayaacha hadi leo. Alistaafu akiwa sajini. Sasa anakaribia miaka 70, mgongo wake bado umenyooka, na hakuna siku anayotoka nje ya nyumba bila kung'arisha viatu.

Sisi watoto wake tumekulia ndani ya fahari hiyo na tunaipenda. Kinachonikosesha usingizi ni bunduki. Marehemu babu alikuwa na bunduki ya Mark IV, ile ya zamani ya Kiingereza inayotumia risasi za .303, aliyoimiliki kwa leseni tangu miaka ya 1960, kwa kuwa kijiji chetu kiko karibu na hifadhi na wanyama walikuwa wakiharibu mashamba na kuua mifugo. Babu alifariki mwaka 2004. Bunduki ikabaki nyumbani kijijini, baba akaichukua kama mtoto wa kwanza wa kiume, na hakuna aliyewahi kushughulikia leseni upya. Alipohamia kwetu alikuja nayo ikiwa imeviringishwa ndani ya mkeka, pamoja na risasi chache alizoziweka katika kopo la majani ya chai, na sisi tukaijua siku alipoufungua mkeka chumbani.

Kila Jumamosi asubuhi hutandika gunia barazani, akaichomoa bolti, akapitisha kitambaa chenye oili ndani ya mtutu, akaupangusa ubao wa kitako hadi unang'aa. Wakati huo ndipo huzungumza. Hutuambia habari za Kyaka, za mvua iliyowanyeshea mahandakini, za wenzake ambao walibaki Uganda, na hurudia namba ya bunduki ya SAR, ile inayojipakia risasi yenyewe, aliyopewa wakati wa vita, ambayo bado anaikumbuka kwa ghibu, ilhali siku hizi mara nyingine husahau jina la jirani tunayeonana naye kila siku. Mwezi uliopita alikwenda msikitini akaliacha kabati wazi. Usiku huzungumza usingizini, na tukimwamsha huwa amelowa jasho.

Mwanangu wa miaka 11 anampenda babu yake kupita kiasi. Majuzi aliwaambia wenzake darasani kwamba anajua kuichomoa bolti ya bunduki na kuirudisha, na mwalimu akaniita shuleni. Nilipata aibu, kisha nikaingiwa na hofu. Mume wangu amesema bunduki hiyo iwe imetoka nyumbani kabla mwezi haujaisha, la sivyo atakwenda mwenyewe kituo cha polisi. Kaka yangu anayeishi Musoma anashauri aje aichukue usiku baba akiwa amelala, akaitupe ziwani, tumwambie imeibwa.

Nilijaribu kuzungumza na baba kwa upole. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mama, mimi silaha yangu sijawahi kuitupa mbele ya adui. Leo mnataka niitupe mbele ya watoto wangu?" Siku mbili zilizofuata alikula chumbani kwake peke yake. Tangu hapo sijathubutu kulirudia jambo hilo.

Nifanye nini ili bunduki itoke bila baba kuhisi kwamba tunamvua utu wake? Na je, ni kosa kwamba hata mimi, pamoja na hofu yote, huona raha ninapomwona ameketi barazani akiisafisha?

Binti wa Askari, Mwanza

JIBU

Mpendwa Binti wa Askari,

Pole kwa kuondokewa na mama, na pole kwa mzigo huu uliokuja nyuma ya msiba. Swali lako la mwisho nitalijibu kwanza: si kosa. Unachokiona Jumamosi barazani ni baba yako akiwa katika ubora wake, mikono ikifanya kazi inayoijua na ulimi ukisema mambo ambayo siku nyingine hayasemi. Mtoto yeyote angefurahi kuyaona hayo.

Sasa nije kwenye la dharura. Mwambie kaka yako aachane kabisa na wazo la kuichukua bunduki usiku. Mtu anayekutwa njiani na bunduki isiyo na leseni hana maelezo yatakayomfaa mbele ya askari polisi, hata kama nia yake ilikuwa kuiondoa nyumbani. Bunduki iliyotupwa ziwani nayo haijatoweka. Wavuvi wa Ziwa Victoria hutega nyavu zao kila usiku, na siku moja inaweza kuibuka mikononi mwa mtu ambaye hataitumia kulinda mashamba. Juu ya hayo yote kuna uongo. Mwanajeshi akiambiwa kwamba silaha iliyokuwa chini ya ulinzi wake imeibwa, ataibeba aibu hiyo hadi kaburini, tena kwa kosa ambalo hakulifanya. Ninaona hilo ni jambo la ukatili, ingawa najua kaka yako analipendekeza kwa mapenzi.

Hatari iliyopo leo nayo haiwezi kusubiri mazungumzo marefu. Leo hii mwombe baba, yeye mwenyewe na si wewe, aichomoe bolti na kuifungia mahali pengine, na risasi azifungie mahali pa tatu ambapo mtoto hafiki wala hapajui. Mark IV isiyo na bolti haiwezi kufyatua risasi. Ombi hilo hatalikataa ukiliweka kama suala la ulinzi wa silaha mbele ya mtoto mdogo, kwa sababu hilo ni somo alilofundishwa tangu akiwa kuruta na bila shaka aliwafundisha wengine alipokuwa sajini.

Kuhusu sheria, nisikufiche: hali yenu ni mbaya kuliko mnavyodhani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kukaa na silaha bila leseni, na leseni hutolewa kwa mtu, haitolewi kwa ukoo. Leseni ya marehemu babu ilikoma naye. Tangu mwaka 2004 bunduki hiyo haina mmiliki anayetambuliwa, na kuisafirisha kutoka Mara hadi Mwanza ndani ya mkeka kumeongeza tatizo. Mume wako, kwa hiyo, ana haki kamili ya kutaka itoke ndani ya nyumba yake. Asichokuwa na haki nacho ni kulifanya jambo hili kuwa tishio juu ya kichwa cha mkwe wake. Polisi wakija kwa taarifa ya mwanafamilia, baba yako atatoka mlangoni kama mtuhumiwa mbele ya majirani na mbele ya mjukuu, na baada ya hapo hakuna atakayeweza kuirudisha heshima mezani kwenu. Mwombe mume wako akuongezee siku chache, kwa ahadi kwamba jambo limekwisha kuanza kushughulikiwa.

Ili uweze kuzungumza na baba yako, inakupasa kwanza uelewe anachokipenda. Watu wengi wasiopita jeshini hudhani kwamba askari anaipenda bunduki kwa sababu anapenda kupiga. Kuruta anapopewa silaha, anapewa pamoja nayo maisha mapya: anakariri namba yake, anaifungua na kuifunga hadi anaweza kufanya hivyo gizani, anakwenda nayo kwata, analala nayo lindoni, na akiiacha peke yake hata kwa dakika moja anaadhibiwa. SAR aliyokuwa nayo baba yako, ile ya risasi 10 yenye singe inayokunjwa chini ya mtutu, ina uzito unaokaribia kilo 4. Aliubeba uzito huo kwa miguu kutoka Kagera hadi Kampala. Mwili wa kijana wa miaka 22 hausahau jambo kama hilo, na akili inayoanza kupoteza jina la jirani inaweza kuendelea kuishika namba ile kwa nguvu.

Bunduki iliyomo kabatini, hata hivyo, siyo ile. Ile aliirudisha. Iliyomo kabatini ni ya babu, na inatoka katika kizazi kingine cha silaha. Risasi yake ya .303 ndiyo waliyoitumia askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni, na baadhi ya wanaume waliojifunza kulenga shabaha kwa bunduki za aina hiyo ndio waliokuja kuliongoza jeshi la baba yako. Jenerali David Musuguri, mtu wa Butiama, aliingia KAR mwaka 1942 na kupelekwa Madagaska, na miaka 37 baadaye alikuwa akiiongoza Divisheni ya 20 ndani ya Uganda. Alifariki Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Nadhani baba yako anapoipangusa Mark IV anawakumbuka watu wawili kwa pamoja: baba yake aliyelinda mashamba, na yeye mwenyewe aliyelinda nchi. Mama yako naye, aliyekuwa akimsikiliza miaka yote hiyo, hayupo tena. Kwa mtu aliyehamia nyumba ya mkwe wake akiwa na mkeka mmoja, hicho si kitu kidogo.

Fahari yake ina sababu. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, yakaua raia, yakapora ng'ombe, yakalivunja daraja la Kyaka, na Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya Mto Kagera ni mali ya Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alizungumza na wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi wa Diamond Jubilee, akasema kwamba sababu ya kumpiga tunayo, uwezo wa kumpiga tunao na nia ya kumpiga tunayo. Waliotakiwa kuyageuza maneno hayo kuwa vitendo walikuwa vijana kama baba yako, pamoja na maelfu ya mgambo waliotoka mashambani wakapewa mafunzo kwa haraka. Wengi wa vijana wale leo ni wazee ambao hakuna anayewauliza chochote.

Nimeyasoma zaidi ya mara moja maneno aliyokuambia, kwamba hajawahi kuitupa silaha mbele ya adui. Kwa mtu aliyekuwa Lukaya, maneno hayo si methali. Tarehe 10 Machi 1979 Brigedi ya 201, ambayo sehemu kubwa ilikuwa mgambo wasiowahi kuona vita, ilishambuliwa hapo na majeshi ya Amin pamoja na ya Libya, ikarudi nyuma kwa vurugu gizani. Alfajiri ya siku iliyofuata Brigedi ya 208 ilizunguka na kumpiga adui ubavuni, na hali ikageuka. Sijui baba yako alikuwa upande gani usiku ule, na wewe usimuulize kwa pupa. Inatosha ujue kwamba alipokujibu vile huenda alikuwa anazungumza na watu ambao wewe huwaoni. Ulisema "bunduki itoke", naye akasikia "tupa silaha na ukimbie".

Kwa hiyo badilisha ombi lenyewe. Katika jeshi lolote lenye nidhamu kuna njia mbili za askari kuachana na silaha yake. Moja ni kuitupa, nayo ni fedheha na kosa. Nyingine ni kuikabidhi: anaisafisha, anaipeleka kwenye ghala la silaha, namba inasomwa na kulinganishwa na daftari, anasaini, anapiga saluti, anaondoka mikono mitupu na kichwa kikiwa juu. Baba yako amefanya hivyo mara nyingi mno maishani, na aliifanya SAR yake hivyohivyo vita vilipokwisha. Mark IV ndiyo silaha pekee iliyowahi kupita mikononi mwake bila daftari. Mtu aliyezoea utaratibu wa aina hiyo anajua moyoni mwake kwamba jambo hilo halijakaa sawa, na ukimpa njia ya kulikamilisha kama askari, nina imani atakusikia.

Zipo kumbukumbu za kitaifa zinazoweza kukusaidia katika mazungumzo hayo. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, viongozi wetu huweka silaha za jadi kwenye mnara wa kumbukumbu: mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, shoka. Baba yako ameitazama hafla hiyo labda kila mwaka. Nchi yake inapowaheshimu wapiganaji wake waliokufa, hailazimiki kuishika silaha juu; inaiweka chini, mbele ya watu wote, na hakuna anayeona kwamba imeaibika.

Usiende kuzungumza naye ukiwa na mume wako na kaka yako mmemzunguka kama baraza la kesi. Nenda peke yako, Jumamosi, wakati ameketi barazani. Keti chini karibu naye na umsikilize hadi amalize habari zake. Kisha mwambie kwamba unaogopa kwa ajili ya mwanao, kwamba bunduki ya babu haina karatasi, na kwamba usingependa siku moja mtu asiyemjua aje kuuliza maswali hapa nyumbani wakati yeye yupo hai na anaweza kulimaliza mwenyewe. Mwambie waziwazi, "Baba, naomba uikabidhi wewe. Sisi hatutaigusa." Halafu nyamaza. Akikasirika, usimjibu. Akinyamaza siku tatu, mpelekee chakula chumbani na usilirudie. Ikiwa yupo mwanajeshi mstaafu mwenzake ambaye bado ana nguvu za kutembea, mwombe aje amtembelee, kwa maana kuna maneno ambayo yanaingia vizuri yakitoka kwa mtu aliyelala handaki moja naye kuliko yakitoka kwa binti yake. Vyama vya wanajeshi wastaafu vipo mikoani, na mara nyingi mtu wa kumtafuta mwenzake hapatikani mbali.

Atakapokubali, fanyeni jambo hili kwa mpangilio. Mwoneni kwanza mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mweleze habari yote bila kuficha mkeka wala miaka. Ikiwezekana, pateni pia ushauri wa wakili au wa watoa msaada wa kisheria kabla ya kwenda polisi, kwa kuwa kuna kosa lililokwisha kutendeka na ni vyema aliyejitokeza kwa hiari aonekane hivyo tangu mwanzo. Ulizeni kama kuna kipindi cha msamaha kinachoendelea. Serikali ilitoa msamaha wa aina hiyo kati ya tarehe 1 Septemba na 31 Oktoba mwaka 2023 kwa waliosalimisha silaha kwa hiari, na Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba wa kila mwaka kwa kazi hiyo hiyo. Lakini msingoje Septemba mkiwa na mtoto wa miaka 11 ndani ya nyumba. Msiipakie bunduki kwenye daladala wala bodaboda. Waombeni polisi waje kuichukua nyumbani, au wawaelekeze jinsi ya kuifikisha kituoni. Tafuteni leseni ya zamani ya babu na cheti chake cha kifo, na baba atoe pia karatasi zake za kustaafu jeshini. Bunduki ikishapokelewa, ombeni hati inayoonyesha namba yake na tarehe, na hati hiyo akae nayo yeye.

Huenda baba atauliza kama anaweza kuomba leseni kwa jina lake. Njia hiyo ipo kisheria, na maombi huanzia ngazi ya mtaa na kata kabla ya kufika wilayani. Mimi siishauri. Mtu anayesahau jina la jirani na kuliacha kabati wazi anapokwenda kuswali hapaswi kuwa na silaha ya moto karibu, hata kama ameishika kwa miaka 50 bila kukosea. Hilo ndilo neno gumu kuliko yote ninayokuandikia, na ni bora limfikie kutoka kwa daktari kuliko kutoka kwako.

Atauliza pia bunduki itakwenda wapi. Usimdanganye kwamba itawekwa makumbusho. Silaha nyingi zinazosalimishwa nchini mwetu huishia kuteketezwa, na anastahili kulijua hilo kabla hajasaini, si baadaye kupitia taarifa ya habari. Kama bunduki ina mkanda wake wa zamani wa ngozi, waulize polisi ikiwa mkanda unaweza kubaki nyumbani. Piga picha siku ile ya mwisho anapoisafisha, yeye akiwa amevaa nishani zake, ikiwa mwenyewe ataridhia.

Usahaulifu na ndoto za usiku visiachwe nyuma eti kwa sababu bunduki imekwisha kutoka. Mzee anayeamka amelowa jasho miaka zaidi ya 45 baada ya vita hana udhaifu wa moyo. Ana jeraha ambalo halikuwahi kufungwa bandeji, na mara nyingi majeraha hayo hujitokeza upya mtu anapostaafu au anapofiwa na mwenzi wake. Mpeleke Hospitali ya Bugando, ambako kuna madaktari wa afya ya akili, na uwaeleze mambo yote mawili bila kuyachanganya, maana kusahau na kuota vita ni matatizo mawili tofauti hata kama yako ndani ya mtu mmoja. Mwambie unampeleka kwa ajili ya usingizi. Wazee wengi hukubali kutibiwa usingizi kabla ya kukubali kutibiwa huzuni.

Linalobaki ni Jumamosi. Bunduki ikiondoka na gunia lisitandikwe tena, mtakuwa mmemwondolea wakati pekee wa juma ambao anazungumza. Hapo ndipo mwanao anapohitajika. Mpe daftari kubwa na umwambie aandike anayosimuliwa na babu: majina ya vijiji walivyopitia, walivyokula, nyimbo walizoimba wakitembea, majina ya waliobaki. Kijana aliyeweza kujifunza kuichomoa bolti ana utulivu wa kutosha kujifunza kusoma ramani, kupiga kwata na kung'arisha viatu kama babu, na hayo yote anaweza kuyatangaza darasani bila mwalimu kukuita. Mwalimu naye mweleze mnachofanya. Huenda akamwalika mzee kuzungumza na wanafunzi.

Na ikiwa uwezo unaruhusu, safirini naye Kagera. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, safari ya kutoka Mwanza kwenda upande huo haina tena kusubiri kivuko. Kaboya, katika Wilaya ya Muleba, kuna makaburi ya mamia ya askari waliokufa katika vita hivyo, yamepangwa kwa mistari kama gwaride. Nendeni naye asiwe peke yake, mpeni muda, na msimharakishe kwenye makaburi. Huenda akawapata watu aliokuwa akizungumza nao usingizini. Kaka yako wa Musoma, ambaye alikuwa tayari kusafiri usiku kwa ajili ya bunduki, aombwe achangie nauli ya safari hiyo na awepo mwenyewe.

Niandikie mkishazungumza naye, hasa kama atakataa, kwa kuwa akikataa kabisa na hali ya kusahau ikazidi, utalazimika kuwaita polisi wewe mwenyewe kwa ajili ya usalama wa mtoto, na ningependa tulipange hilo pamoja kabla halijafika.